Dakika Kumi na Tisa za Angelina

Watu wa Morogoro hawakosi la kusema, na mengi waliyoyasema kuhusu Angelina Mkude ni uongo. Walisema alichanganyikiwa baada ya kupunguzwa kazini. Walisema anaita mashetani kwa kinanda mchana kweupe. Waliosema hivyo hawakuwahi kuvuka kizingiti chake pale Mwembesongo, na wachache waliovuka walikwenda kuazima pasi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: mama, hicho unachopiga ni nini?

Alizaliwa Matombo, nyuma ya misheni, kwenye shamba la migomba la ukoo wa mama yake. Sista mmoja mzee alimfundisha kile kinanda cha kanisani cha kukanyaga kwa miguu, kinachohema kabla ya kutoa sauti, kwa sababu mpiga kinanda wa kwaya alikuwa ameteremka mjini kutafuta kazi na hakurudi. Akiwa na miaka kumi na miwili Angelina alipiga misa nzima ya Pasaka, akining'inia ukingoni mwa kiti ili miguu ifike chini. Mwisho wa misa padri aliwashukuru wanakwaya, akamshukuru aliyeleta maua, akawashukuru waliofagia. Kisha akatoa baraka, watu wakaenda zao.

Mjini alipata kazi ya kupiga chapa kwenye kiwanda kimoja cha umma. Alipiga barua za wakubwa kwa vidole vyote kumi bila kutazama mashine, na utepe wa wino ulipokwisha alitumwa dukani kwa Dharmesh. Dharmesh aliuza tepe za mashine za chapa, sindano za cherehani na vipuri vya redio, na nyuma ya kaunta alikuwa na gramafoni. Kaka yake alisoma Uingereza miaka ya sabini, akarudi na sanduku la santuri ambazo nyumbani kwao hakuna aliyezitaka.

Siku moja Angelina aliingia akakuta santuri inazunguka. Alisubiri wimbo uishe ndipo aagize, kama adabu inavyotaka. Wimbo haukuisha. Ulianza na upepo, ukaingia mlio kama wa filimbi, ukaja mdundo mzito, ukapinduka, ukatulia, ukaanza safari nyingine kabisa. Ulikuwa umekula upande mzima wa santuri.

"Hii wanaiita progresivu roki, dada," Dharmesh alimwambia. "Siyo ya kucheza. Ya kukaa na kusikiliza."

"Hawa wapigaji wako wangapi?"

"Watano. Lakini huyu mmoja wa vinanda ndiye mwenye kazi. Anapiga sintesaiza, kile kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti yoyote unayotaka."

Angelina alichelewa kurudi ofisini akapewa barua ya onyo, ambayo aliipiga chapa mwenyewe. Wiki iliyofuata Dharmesh alimrekodia wimbo ule kwenye kaseti. Aliusikiliza miaka sita, mpaka akajua pumzi zake zote.

Kisha ikaja ruksa. Mipaka ikafunguliwa, mitumba ikamwagika, maduka yakajaa redio na mafriji, na wakati huohuo kiwanda kikaambiwa hakina faida. Wafanyakazi walipangwa uwanjani wakasomewa majina. Angelina alifanya kazi hapo miaka kumi na minne, na orodha ya waliopunguzwa, yenye jina lake ndani, aliichapa kwa mkono wake, nakala nne, kwa sababu meneja alisema mwenzake anakosea herufi.

Wenzake walitumia kiinua mgongo chao kununua friji la kuuzia barafu au mashine ya kusaga. Angelina alinunua sintesaiza. Ya pili aliipata kwa Dharmesh; ilikuwa mbovu, iliachwa na mtaalamu mmoja wa mradi wa maji aliyerudi kwao, na Dharmesh akaitengeneza. Majirani walicheka hadi wakashika mbavu. Mumewe, Leonard, alikuwa mfanyakazi wa reli kituo cha Kisaki na alikuja nyumbani mara mbili kwa mwezi. Alivitazama vile vinanda viwili vimepangwa juu ya meza ya chakula.

"Mama Doreen, tutakula wapi?"

"Mkekani. Kwani Matombo tulikula wapi?"

"Haya. Mimi kule nalala na tembo wanavuka reli. Sauti ya kinanda itanishinda nini?"

Basi akaanza. Alitaka kuupiga wimbo ule wote, dakika kumi na tisa, kila chombo kwa mkono wake. Vifaa vyake vilikuwa vinanda viwili na redio kaseti mbili. Alirekodi mdundo kwenye redio ya kwanza. Kisha aliuchezesha mdundo ule huku akipiga besi juu yake, na redio ya pili ikirekodi vyote viwili. Halafu hiyo ya pili ikachezeshwa, akaongeza sauti ya tatu, na ya kwanza ikarekodi. Hivyo hivyo hadi sauti sita. Akikosea dakika ya kumi na nane, anarudi mwanzo. Umeme wa mgao ukikatika, anarudi mwanzo. Na kila sauti mpya ilizididimiza zile za nyuma kidogo, kwa hiyo ilimbidi apige mdundo kwa nguvu kuliko masikio yalivyotaka, akijua utazama wenyewe mpaka ufike mahali pake. Hakuna aliyemfundisha hayo. Aliharibu kaseti nyingi ndipo akayajua.

Kilichomtesa zaidi kilikuwa katikati ya wimbo, ambapo mapigo yalikwenda saba saba. Miguu ya binadamu inataka mbili au nne, na ya Angelina ilikuwa ya binadamu. Kwa mwezi mzima yalimshinda. Alipokwenda Matombo kumsalimia mama yake, alimkuta anatwanga na mama mkubwa kwenye kinu kimoja, mchi wa huyu na mchi wa yule ikipishana. Mapigo sita, kisha mkono mmoja unaingia haraka kurudisha nafaka katikati, kisha sita tena. Angelina alisimama na mzigo wake kichwani bila hata kusalimu. Mama yake akamgombeza kwa Kiluguru kwamba mji umemfundisha ufidhuli. Alipiga magoti akaamkia, halafu akaomba mchi, akatwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Wiki ileile sehemu ile ya saba saba ikakaa.

Kazi ilimchukua miezi minane. Siku aliyoimaliza alimpelekea Dharmesh kaseti bila maelezo. Dharmesh alisikiliza dakika tatu, akanyanyua kifuniko cha gramafoni kuona kama santuri iko ndani.

"Dada, hii umerekodi kwangu lini?"

"Sijarekodi kwako. Nimepiga."

Dharmesh alikaa chini. Akasikiliza hadi mwisho akiwa amefunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya msiba wa baba mkwe. Ndiye aliyemwambia kuhusu mashindano.

Kampuni moja ya Dar es Salaam iliyoingiza vinanda kutoka nje ilikuwa imepitisha gari la matangazo mji mzima. Mtu yeyote apeleke kaseti ya kazi aliyoipiga mwenyewe nyumbani. Watakaochaguliwa watapiga mbele ya watu. Mshindi atapewa kinanda kipya. Angelina hakutaka kinanda. Alikuwa navyo viwili na meza ilikuwa imejaa. Alichotaka ni kitu kimoja, na alikitaka tangu ile Pasaka ya Matombo: mtu asimame mbele ya watu aseme, hii imepigwa na Angelina Mkude. Basi.

Alipeleka kaseti, na Jumamosi ya mashindano, alasiri, ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa waamuzi alikuwa Mzee George, ofisa utamaduni mstaafu, mwenye miwani na faili. Alisoma majina ya waliochaguliwa, watatu, kisha akavua miwani.

"Kuna kaseti namba kumi na moja. Tumeiondoa. Huu ni wimbo wa Wazungu, umenakiliwa moja kwa moja kutoka kwenye santuri, kisha mtu akaandika jina lake. Tuheshimiane jamani. Morogoro siyo mji wa wezi."

Watu wakacheka, wakageuza vichwa kumtafuta mwizi. Miezi minane, malengelenge, kaseti zilizoharibika, halafu wizi. Angelina alisimama, akaenda mbele na kikapu chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Namba kumi na moja ni mimi. Sikuiba. Nimepiga mwenyewe, sauti moja moja. Kaseti za kila hatua hizi hapa. Naomba zisikilizwe."

Mzee George alitazama saa. Lakini Hamisi, muuzaji wa ile kampuni, mtu wa tai nyekundu na maneno mengi, alisema muda upo, maana vyombo vya jukwaani vilikuwa havijamalizwa kufungwa. Wakachezesha ya kwanza. Mdundo mtupu, mkali, na nyuma yake kuku wa jirani. Wakachezesha ya pili: mdundo, besi, kuku yuleyule. Ya tatu ikaleta upepo. Kufikia ya tano hata wauza karanga walikuwa wamesimama. Kila mtu mwenye masikio alisikia nyumba inajengwa tofali kwa tofali, na fundi ni nani.

Mzee George alipangusa miwani yake taratibu.

"Kwa hiyo huu siyo wimbo wenyewe," alisema.

"Siyo wenyewe. Ni mimi."

"Basi umeuiga."

"Nimeupiga, mzee."

"Umeuiga, mama. Mashindano haya hayahitaji kuiga. Uamuzi uko palepale." Akafungua faili.

Hebu lipime hilo. Ulipodhaniwa kuwa wimbo halisi, Angelina alikuwa mwizi. Ulipothibitika kuwa si halisi, akawa mwigaji. Mlango wa mbele umefungwa kwa sababu umeingia, wa nyuma kwa sababu hukuingia. Kumjibu mtu mzima mbele ya watu ni kumvunjia heshima; Angelina akarudi kukaa. Hasira ilimjaa, na aliona aibu kwamba watu watadhani amerudi kwa uoga.

Wale watatu wakapiga. Wa kwanza alipiga wimbo wa harusi kwa vidole viwili. Wa pili alisahau katikati. Wa tatu, Hatibu wa Dumila, alipanda na koti la kung'aa, akainama juu ya kile kinanda kipya cha kampuni, na muziki ukafumuka: tarumbeta, ngoma, fidla, vyote kwa pamoja, vidole vyake vikikimbia huku na huku. Watu wakasimama juu ya viti.

Angelina aliutambua kabla ya kumaliza kuvuta pumzi. Ulikuwa wimbo wa kiwandani, ule unaowekwa ndani ya kinanda na watengenezaji wenyewe ili wauzaji wauchezeshe dukani. Unabonyeza kitufe kimoja, kinanda kinapiga. Kimojawapo cha vile vyake vya nyumbani kilikuwa nao huohuo. Vidole vya Hatibu vilikuwa vinakimbia juu ya funguo bila kuzigusa.

Waamuzi waliinamiana sekunde chache tu. Hatibu wa Dumila, mshindi. Mzee George alisifu ubunifu wake, akasema huo ndio muziki wetu wenyewe, siyo wa kuiga.

Hapo Angelina alisimama tena. Safari hii hakuomba. Alipanda jukwaani, akampita Hatibu aliyekuwa anapokea mikono, akasimama mbele ya kinanda. Alibonyeza kile kitufe kwa kidole kimoja, kisha akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, viganja wazi, ili hata waliokaa nyuma kabisa waone. Muziki ukafumuka. Tarumbeta, ngoma, fidla, uleule, kwa mpangilio uleule, na hakuna mtu aliyekuwa anakigusa.

Hatibu akatazama viatu vyake. Angelina aliwatazama watu usoni, mmoja mmoja, akingoja. Kwa mara ya kwanza siku hiyo moyo wake ulitulia, kwa sababu sasa hakukuwa na cha kubishania. Kila mtu ameona kwa macho yake.

Makofi yakaanza nyuma, upande wa mlangoni. Yakaja mbele, yakawa makubwa kuliko aliyoyapata Hatibu, watu wakapiga miluzi na vigelegele. Hamisi alishanyakua kipaza sauti.

"Mmeona wenyewe, wananchi! Huhitaji hata kujua kupiga! Unabonyeza, unakaa, kinanda kinafanya kazi! Karibuni mezani, bei ya leo ni ya leo!"

Watu walisukumana kuelekea mezani. Mzee George naye alikuwa anapiga makofi, faili limebanwa kwapani. Hatibu aliondoka na kinanda chake cha ushindi kupitia mlango wa pembeni, na hakuna aliyemwita arudi. Angelina aliteremka jukwaani. Alikuwa anazipanga kaseti zake kikapuni, ya kwanza hadi ya sita, Hamisi alipomfuata akifuta jasho kwa tai.

"Mama, umetuokoa. Wiki ijayo tuko Dodoma. Njoo tufuatane, utakula, utalala, na posho juu."

"Nije kupiga?"

"Kupiga?" Hamisi alishangaa kweli, bila dhihaka. "Hapana, mama. Uinue mikono vilevile. Hapo ndipo walipopiga makofi."