Kiti cha Nyuma cha Ndege ya Lusweti

Mara moja tu katika maisha yake ya ushonaji Phoebe Shikanga aliivunja sheria yake mwenyewe, na aliivunja kwa sababu ya ndege.

Sheria yenyewe kila mtu wa Khayega anaijua. Phoebe anashona viti vya bodaboda, na hamshonei mtu kiti kabla hajamkalisha kwenye gunia la pumba. Pumba inaloweshwa kidogo, gunia linapigwapigwa hadi lilale sawa, kisha mteja anaambiwa akae jinsi anavyokaa akiwa amechoka, si jinsi anavyokaa akipigwa picha. Akiinuka, Phoebe anainama na kulisoma lile shimo. Anaona upande upi unabeba zaidi, na kama mtu huyu anaumwa mgongo ila anaona haya kusema. Waendesha boda wanamtania kwamba katika Isukha nzima hakuna mwanamke anayewajua wanaume kwa makalio kumzidi yeye. Naye huwajibu kwamba nyuso ndizo zinazodanganya.

Kiti kikiisha, anakishonea kwa uzi mwekundu maneno anayoyataka mteja, MUNGU MBELE, au WIVU HAUNA DAWA. Kiti cha Phoebe unakijua hata pikipiki ikiwa imelala shimoni.

Basi asubuhi moja akaja mzee mrefu mwenye kofia ya ngozi, akasimama mlangoni pa kibanda.

"Mulembe, mama. Wewe ndiye Phoebe wa viti?"

"Mulembe, mzee. Ni mimi. Pikipiki iko wapi?"

"Sina pikipiki. Nataka kiti ya ndege."

Phoebe akamtazama vizuri, asije akawa ni mgonjwa. "Ndege hukaa kwa tawi, mzee. Kiti ni ya nini?"

Mzee akacheka mpaka akavua kofia. Akajitambulisha kuwa ni Onesmus Lusweti, mkulima wa mahindi kutoka Lugari, na kwamba ujanani alirusha ndege za kunyunyizia ngano dawa. Ndege yake ilikuwa ya watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wazungu waliokuwa na shamba la ngano waliiacha nyuma ya ghala, kuku wakataga ndani yake miaka na miaka. Lusweti aliifufua pamoja na injinia mmoja wa Eldoret aitwaye Kimutai, na sasa ilikuwa na vibali vyake, ikilazwa katika uwanja mdogo wa Kakamega. Watu wa pale waliiita Ingokho, yaani kuku, kwa kuwa ilikuwa na mabawa lakini kazi yake ilikuwa kukaa chini.

Iliruka kwa nadra kwa sababu Lusweti hakuifufua ndege ili aruke peke yake. Binti yao Cindy alikuwa muuguzi Lodwar, na barabara ya kwenda huko ilikuwa imemshinda mama yake, Jepkorir, kwa ajili ya mgongo. Lusweti alikuwa na ndoto ya kumpeleka kwa ndege. Alimpandisha mara moja tu. Nyuma kulikuwa na kipande cha turubai kilichoning'inia kwenye vyuma, na giza kama la ghalani, kwa sababu bawa lilikuwa juu na dirisha lilikuwa limefifia. Jepkorir, ambaye hawezi kukaa bila kufuma vitambaa vyake vya makochi, hakuona hata sindano. Walipotua alishuka amejikunja, akatembea hadi kwenye gari. Nyumbani ndipo aliposema. Ndege ambayo mke hawezi kukaa ndani yake, alisema, ni ya kuuzwa. Na mnunuzi alikuwapo, kijana mwenye hoteli Nakuru aliyetaka kuining'iniza darini juu ya meza za wageni.

"Mke wangu amenipa hadi mwisho wa mwezi," Lusweti alisema. "Simlaumu. Ana haki."

"Basi mlete akae kwa gunia."

"Hataki hata kuiona, mama. Kuja hatakuja."

"Kama hatakuja, mimi siwezi. Nashonanga mtu, sishonanga chuma."

Mzee hakubishana. Alimwomba tu aende akaione kabla ya kukataa, na Phoebe, ambaye udadisi ni ugonjwa wake, akafunga kibanda.

Pale uwanjani alitarajia bati. Alipoweka kiganja kwenye bawa, kikamwambia jambo lingine. Akaligonga kwa kucha. Likalia kama ngoma iliyokazwa vizuri.

"Mzee, hii ni nguo."

"Ni nguo. Imeshonewa kwa mbavu za ndani, halafu ikapakwa dawa ikakaza."

Phoebe akainama chini ya bawa, akauona mshono. Ulikuwa umepita sawasawa kutoka ubavu hadi ubavu, kila fundo likiwa na umbali sawa na mwenzake, mshono wa mtu aliyejua kwamba mwingine ataukabidhi uhai wake. Mama yake Phoebe alikuwa akishona hivyo. Maisha yake yote ndege zilikuwa zikipita juu ya Khayega naye akidhani ni mambo ya watu wa vyuma na hesabu, kumbe fundi cherehani alishapita huko juu zamani. Moyo ukamjaa. Baada ya hapo angewezaje kukataa?

Hapo ndipo alipoivunja sheria. Kwa kuwa Jepkorir hakuja, Phoebe alikaa mwenyewe kwenye gunia, akalisoma shimo lake mwenyewe, akaanza kukata sponji.

Kazi waliifanyia bandani pale uwanjani, na kitu hakikuingia ndani ya ndege kabla Kimutai hajakipitisha. Phoebe alileta ile ngozi bandia anayovisha bodaboda, Kimutai akakata kipande na kukiwashia kiberiti, kikayeyuka na kudondosha moto. Akakitupa. Phoebe akaleta ngozi ya kondoo yenye manyoya yake. Hiyo ilinuka vibaya, ikakunjamana, ikazimika yenyewe. Ikapita.

Taa aliziweka Bravin, jirani yake wa kibanda, mume wa watu mwenye wajukuu, anayeipamba mikokoteni na pikipiki za Khayega hadi zinang'aa kama harusi. Alikuja na utepe wa taa za zambarau na kijani, akauzungusha ndani yote. Lusweti akaziwasha.

"Bravin, tunaenda Lodwar au tunaenda disko?"

"Mzee, mama atafurahi. Wamama hupendanga rangi."

Ila redio ndiyo iliyokata shauri. Taa zilipowaka tu, redio ya ndege ikaanza kuvuma, sauti ya mwongozaji wa ndege ikapotea. Kimutai akasema zitoke, na Bravin akazitoa huku akilalamika kwamba hata redio ina wivu. Mahali pake wakaweka taa moja ndogo ambayo Kimutai aliiamini, yenye mwanga wa manjano na shingo inayopinda, ikatazama mapajani mwa abiria, na kitufe cha kuipunguza ili isimchome rubani machoni. Dirisha lililofifia wakalibadilisha kwa jipya.

Kiti kikakamilika. Phoebe alikitazama akakipenda, na kwa kweli kilikuwa kizuri. Alikiinua nyuma, kama kawaida ya boda, maana abiria wa boda lazima akae juu kidogo ya dereva ili aone njia mbele na asimeze upepo wa koti lake. Kila abiria wa Khayega anajua raha hiyo.

Lusweti alimbembeleza mkewe hadi akaja. Phoebe alimwona akishuka kwenye gari, akajitazama mwenyewe. Yeye Phoebe ni mfupi na mpana. Jepkorir alikuwa mrefu kama mumewe, mwembamba, mwenye miguu mirefu. Alipanda kwa adabu, akakaa, na kichwa chake kikagonga chuma cha paa. Akainama. Kimutai akasema wajaribu usukani, kwa maana ndege hiyo ina fimbo mbili za usukani zinazokwenda pamoja, ya mbele na ya nyuma. Lusweti akavuta ya kwake. Ya nyuma ikarudi nusu, ikakwama kwenye mdomo wa kile kiti kirefu.

"Hivi hairuki," Kimutai alisema. "Hii si mambo ya kujadiliana."

Jepkorir akashuka taratibu. "Asante kwa kazi, mama," alimwambia Phoebe, bila ubaya wowote. Kisha akamgeukia mumewe. "Mpigie yule kijana wa Nakuru."

Phoebe alirudi Khayega akiwa na kiti kile mgongoni mwa pikipiki, na waendesha boda, ambao huruma yao huja baada ya utani, wakamuuliza kama Ingokho imetaga. Lililomuuma halikuwa utani, wala ile ndege kwenda kuning'inia juu ya watu wanaokula chipsi. Alikuwa amemshonea mtu kiti cha mtu mwingine. Alimwekea Jepkorir kalio la Phoebe, kisha akampandisha ndege kama vile anampeleka sokoni kwa boda.

Kesho yake alifunga gunia la pumba kwenye boda, akaenda Lugari.

Jepkorir alimkuta uani, akamkaribisha, akampa chai. Mgeni ni mgeni, hata akija na gunia. Phoebe alikunywa chai yote kwanza.

"Mama Cindy, sikuja kukuomba upande ndege," alisema. "Ndege ni ya kwenu, uzeni. Nimekuja kukuomba ukae kwa hii gunia."

"Kwa nini, na ndege inaenda?"

"Kwa sababu nilishona kiti yako nikijipima mimi. Sijawahi fanya hivyo. Hata ikienda kuwekwa kwa hoteli, itaenda na kiti yako, si yangu. Siwezi acha kazi mbaya iitwe ya Phoebe."

Jepkorir alimtazama mwanamke yule mfupi, akalitazama gunia, akatazama kama wafanyakazi wa shambani wanaona. Kisha akakusanya sketi yake, akakaa.

"Kaa kama umechoka," Phoebe akamwambia.

"Mimi nimechoka kweli," Jepkorir akasema, na mabega yake yakashuka.

Alipoinuka, Phoebe aliinama muda mrefu. Shimo lilikuwa dogo, limeelemea kulia, na upande wa kushoto ulikuwa karibu haujaguswa kabisa. "Huu mgongo hauumi katikati," alisema. "Unaumia hapa, kushoto chini. Na umeficha muda mrefu." Jepkorir alimwongezea chai.

Safari hii Phoebe hakuinua kitu. Alikata mdomo wa kiti ukawa mfupi na wa mviringo, fimbo ikarudi hadi mwisho mbele ya macho ya Kimutai. Alikishusha, akakiinamisha nyuma kidogo, na upande wa kushoto chini akaweka mto mgumu usiozidi kiganja, mahali pale pale. Juu akarudisha ngozi ya kondoo. Kwa macho kilikuwa kiti cha kawaida kabisa, na nyuma yake hakushona neno lolote. Lusweti akamwomba mkewe akae mara ya mwisho kabla ndege haijaondoka. Naye, pengine kwa ajili ya lile gunia, akakubali.

Kijana wa Nakuru, Tyson, alifika alasiri hiyo hiyo, na mvua ya Kakamega ikafika pamoja naye. Banda likawa giza, bati likapiga kelele hadi watu wakaacha kuzungumza. Tyson alikuwa na utepe wa kupimia, akaanza na mabawa, akaja mkiani, akafungua mlango apime ndani. Taa ndogo ya manjano ilikuwa inawaka. Chini yake Jepkorir alikuwa ameegemea, miguu ameinyoosha, kitambaa cha kochi mapajani, sindano ikienda na kurudi.

"Samahani, mama. Naomba nipime hapo kidogo."

Jepkorir hakuinua macho. Alimaliza mshono wake kwanza.

"Hii imekaliwa," alisema.

Neno hilo kila aliyewahi kugombania nafasi kwenye steji ya matatu analijua, na halina rufaa. Tyson alitabasamu akidhani ni mzaha, akamgeukia Lusweti. Lusweti alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliye kanisani. Kimutai akajifanya anakagua tairi. Bravin akamweleza Tyson kwa upole kwamba kama anataka kitu cha kung'aa hotelini, yeye ana utepe mzuri sana wa zambarau na kijani.

Phoebe alikuwa amesimama nyuma ya bawa, na aliona fahari ambayo hakuwahi kuiona tangu anunue cherehani yake ya kwanza. Hakuificha. Machozi yalimtoka, akayafuta na kipande cha ngozi ya kondoo, akayaacha mengine yashuke.

Mvua ilipokatika aliomba wampe kile kiti usiku mmoja. Alikirudisha kikiwa na neno moja mgongoni, kwa uzi mwekundu: IMEKALIWA.

Walikwenda Lodwar Jumamosi. Lusweti aliahidi kupitia juu ya Khayega kwanza, ingawa si njia. Phoebe alikuwa kazini, ana mteja kwenye gunia, wakati boda wa stejini walipozima pikipiki mmoja baada ya mwingine ili wasikie vizuri.

"Mama, Ingokho imeruka," mmoja akasema, wala hakuwa anatania.

Mteja akataka kuinuka aione. Phoebe alimwekea mkono begani, akamrudisha chini, na yeye akabaki amesimama, uso juu, akiifuata ile nguo iliyoshonwa ikipita na kiti chake hadi ikamezwa na mawingu ya kaskazini.

"Kaa," alimwambia mteja. "Ukisimama nitakosea kipimo, na mimi sikosei tena."