Ruhusa Niliyompa Halima

Aibu hii nimeificha miaka mingi, lakini kwa kuwa tuko sisi kwa sisi, wacha niitoe. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mtu wa kompyuta katika shirika dogo la misaada mjini Garissa, na jinsi nilivyotembea na ufunguo wa chumba cha seva kiunoni, ungedhani seva yenyewe nimeiunda mimi. Halima, karani wetu wa Wajir, alitakiwa kuingia kwenye seva hiyo kwa laini ya simu aandike majina ya familia za kupewa mahindi, na kila akijaribu inamkataa, eti hana ruhusa. Kulikuwa na orodha ya watumiaji wa kawaida wanaoruhusiwa kuingia kutoka mbali, ningemwongeza hapo tu, lakini sikujua iko wapi (na kuuliza makao makuu Nairobi niliona haya), basi nikampa uwezo wote wa msimamizi, sawasawa na wangu. Akaingia. Nikajisifu.

Ijumaa iliyofuata, karibu adhuhuri, wazee wa kijiji cha Kotile wamejaa ofisini wakingoja orodha yao ichapishwe, lori limeshapakiwa, seva ikazimika. Bosi akaniangalia. Nikasema stima imepotea, na feni inazunguka juu ya vichwa vyetu. Mzee mmoja akaitazama feni, akanitazama mimi. Ningeishia hapo, lakini nikaongeza kwamba labda ni Yusuf wa stoo, ndiye huchezea mashine na diski zake, na Yusuf alikuwa amesimama pale pale mlangoni.

Bosi akapiga simu Wajir, akaifungulia spika.

"Mimi nimesima kombyuta, walaal," Halima akaniita ndugu kwa upole, kwa lafudhi yake ya Kisomali, z ikawa s na p ikawa b. "Ni Ijumaa, naenda swala. Kwani huko imesima bia?"

Alidhani anazima ya kwake, kumbe amri imefika kwenye seva yetu. Mtumiaji wa kawaida seva ingemkatalia. Yeye nilikuwa nimemfungulia kila kitu. Bosi akauliza nani alimpa uwezo huo, nikasema "mimi" kwa sauti ya chini, nikiangalia viatu vyangu.

Wazee wakaenda msikitini bila orodha, na lori halikuondoka siku hiyo. Nilimfuata Yusuf stoo kumwomba radhi.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini wale wazee ni wajomba zangu, wamesikia ukinitaja. Waambie wao."

Basi kesho yake nikapanda lori mpaka Kotile, nikasema mbele ya watu wote kwamba Yusuf hakugusa kitu, kosa ni langu, na mkalimani akarudia kwa Kisomali, polepole, neno kwa neno, nikaaibika mara ya pili. Tangu siku hiyo nisilolijua nauliza, na mtu nampa ruhusa ya kazi yake tu.