Udongo Mchachu wa Pudentienne

Mtu akimtaja Pudentienne vibaya mbele yangu, tutagombana. Nimeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, kando yake katika soko la Uvira tangu tukiwa wasichana. Yeye aliuza udongo wa kula, ule wanaoutamani wanawake wenye mimba. Aliuchimba mwenyewe chini ya kilima, akauanika, akauonja kabla ya mteja yeyote. Wengine wanachanganya na mchanga. Rafiki yangu? Thubutu!

Mvua za mwaka jana zikaja, udongo ukageuka mchachu. Aa, wanawake walivyoupenda! Mwenye mimba na uchachu, mnajua wenyewe. Délice, mke wa muuza mawese, alikuwa anafika kabla hatujatandika mifuko. Nikamwambia Pudentienne, "Dada, Mungu alikukumbuka." Yeye alilamba tu, akakunja uso. Mama yake alichimba shimo lile lile, na udongo haukuwa mchachu.

Pudentienne akapanda kilima akifuata mfereji wa mvua. Juu, nyuma ya kibanda, akamkuta mwanawe Sévère. Alikuwa anavunja batri za magari zilizokufa, maji yake makali anayamwaga chini, na madini ya risasi ya ndani anayayeyusha kutengeneza vizito vya nyavu za wavuvi. Majani yote hapo yalikuwa yamekauka. Mfereji uliteremka moja kwa moja hadi kwenye shimo la mama yake.

Akaenda kwa Claire, muuguzi wa wenye mimba. Claire hakuzunguka: mama akila risasi, inamfikia mtoto tumboni na kumharibu akili. Na udongo ukishaishika, hauiachii.

Sévère alipiga magoti. "Mama, sema tu udongo iliisha. Weye unataka watu wanichome?"

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ningekuwa mimi, ningenyamaza.

"Na wale wenye kuweka akiba nyumbani?" Pudentienne akasema. "Nikinyamaza, wataendelea kula."

Siku ya soko kubwa alisimama na beseni tupu, Sévère kando yake, macho chini. "Muteme! Udongo yangu iko na sumu ya batri. Mwanangu aliimwaga, na miye niliwauzia. Muende kwa Claire awaangalie."

Ee, matusi tuliyoyasikia siku ile! Nilishika kopo langu la kupimia ndagala. Aliyetaka kumgusa angepitia kwangu kwanza. Délice akasogea, shavu limejaa donge. Nikadhani atamtemea usoni. Pudentienne akakinga kiganja. Délice akatema humo, kisha akafungua pindo la kitenge, akatoa madonge mengine, akayaweka kwenye beseni huku analia. Wa pili akafuata. Wengine wakakimbia nyumbani kuchukua ya kwao.

Saa sita ya mchana beseni lilikuwa linamwagika. Tulilibeba sisi wawili, mimi mkono huu, yeye ule, na nilitembea katikati ya soko kichwa juu ili kila mtu anione niko na nani.