Ganda la Tano

Juzi niliaibika benki, Shinyanga mjini. Nilikuwa kwenye foleni, mkoba kwapani, walinzi wa mlangoni wakawa wanapokezana zamu. Yule aliyeingia akaikagua bunduki yake kwa kukivuta kile kishikio cha chini ya mtutu: krra-chak! Basi. Mkoba ukanidondoka, vitu vikatawanyika sakafuni, nami mtu mzima mwenye wajukuu nikachuchumaa katikati ya watu, mikono masikioni. Kijana mmoja akaniinua, akasema pole bibi, umeteleza? Nikamwambia ndiyo, sakafu hizi za siku hizi bwana. Sakafu ilikuwa kavu kabisa.

Ninyi sitawadanganya. Baba yangu alikuwa na bunduki iliyolia hivyo hivyo. Aliipata kwa mzungu mmoja wa mgodini Mwadui, ambaye baba alimfanyia kazi ya bustani na, siku za mapumziko, kumwonyesha nyayo za wanyama porini. Yule mzungu alikuwa na ugonjwa wa kukusanya bunduki. Zilijaa ukutani kwake, baba alisema, na nyingine hakuwahi kuzifyatua hata mara moja. Alipofungasha kurudi kwao akaziuza, ila moja akamwachia baba, pamoja na kopo la maganda matupu ya risasi, ambayo nayo aliyakusanya, Mungu ndiye ajuaye kwa nini. Baba akahangaikia leseni miezi na miezi, kisha akaileta nyumbani kwetu, upande wa Ushirombo, ikiwa imefungwa kwenye blanketi.

Kwetu watu walizoea magobore, yale ya kushindilia baruti, ambayo ukimkosa mnyama unatafuta mti wa kupanda. Hii ilikuwa fupi, na chini ya mtutu ilikuwa na kishikio cha mti. Ukikivuta nyuma ganda linaruka nje, ukikisukuma mbele risasi nyingine inaingia. Ilifanana na pampu ya baiskeli, kijiji kizima kikaiita Pampu. Watu walipita wakiuliza, "Pampu imeamkaje?" kama wanaomjulia hali mgonjwa.

Kopo la maganda nikapewa mimi. Nilikuwa na miaka tisa, jina langu Kabula, kwa kuwa nilizaliwa mvua ikinyesha. Niliyasugua yale maganda kwa majivu mpaka yakang'aa, nikayatoboa kwa msumari, nikayatunga kwenye uzi mwekundu, nikayavaa shingoni. Mjomba Maganga, kaka yake mama, ambaye aliishi nasi na ndiye aliyekuwa akiisafisha Pampu, aliniita bibi harusi wa shaba. Alisema mwanamume atakayenioa hataleta ng'ombe hata mmoja, ataleta sufuria za shaba. Alikuwa na tabia ya kuucheka utani wake kabla hajaumaliza. Mfukoni hakukosa michembe, na akikugawia ulikuwa unakula viazi vikavu na vumbi la suruali. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, msimwambie marehemu baba.

Baba alikuwa na mwiko mmoja: mwindaji hahesabu risasi zake mwenyewe. "Mkono uliochoka hudanganya," alisema. Alitoka na risasi tano, kwani Bwana Nyama, yule afisa wa wanyamapori, hakumruhusu zaidi, na hakumpa nyingine mpaka arudishe maganda ya zile za kwanza. Akirudi, haingii uani. Anasimama nje, mimi natandika ngozi ya ng'ombe chini, anaivuta Pampu mpaka isiteme kitu tena. Risasi ambazo hazikupigwa zinaangukia kwenye ngozi, na maganda ya zilizopigwa anayatoa mfukoni. Mimi nahesabu. Nikisema tano, anaingia. Zikipungua, haingii wala hatuli mpaka iliyopungua ionekane. Mwaka mmoja kabla ya siku ninayotaka kuwasimulia ganda moja lilipotea, baba akageuka palepale kurudi porini, akalitafuta kutwa nzima kwenye majani.

Siku ninayoisema ilikuwa masika. Baba alikuwa ametoka siku mbili, akarudi na kongoni, majirani wakimsaidia kubeba. Wao wakapitiliza na nyama hadi jikoni kwa mama, na mimi nikabaki naye nje ya ua, mvua ikitunyeshea. Pampu ilikuwa imejaa tope hadi kwenye mdomo. Miguu ya baba ilikuwa imevimba, ameshika viatu mkononi. Akaivuta bunduki, zikaanguka risasi mbili, akavuta tena na tena, hakikutoka kitu. Akatoa maganda mawili mfukoni.

Nikahesabu: nne. Nikahesabu tena, nikitumaini kwamba mvua imenichanganya. Nne.

Baba alikuwa amefumba macho, anangoja. Nilijua nikisema nne atageuka na miguu ile ile arudi porini. Nilimhurumia, jamani. Nikampa mgongo, nikachomoa ganda moja kwenye uzi wangu, nikaliweka pamoja na mengine. Ganda lililopigwa karibuni hunuka moto. Langu lilinuka jasho la shingo yangu tu.

"Tano, baba."

"Ahsante, mama yangu." Akakusanya zote akazitia kwenye mfuko wake wa ngozi bila kuzitazama, akaingia ndani. Tukala maini, mjomba akatuchekesha, na mimi nikajiona mtoto mwema kuliko wote. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba bunduki ya namna ile ikijaa tope, risasi inaweza kukwama ndani na isitoke.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Mjomba alikaa karibu na ghala la mtama, na kitambaa cha mafuta ya taa, anaisafisha Pampu. Mimi nilikuwa natoka kisimani. "Mwangaluka, bibi harusi," akanisalimu, nami nikambenulia midomo. Akakigonga kitako cha bunduki kwenye jiwe ili tope lidondoke. Akavuta, akasukuma, krra-chak, akafyatua kama alivyozoea, akijua haina kitu.

Mlio ule sitausimulia. Nakumbuka mjomba alijishika tumboni kama mtu anayepapasa michembe mfukoni. Akaniangalia, akasema taratibu, "Kabula, mwite mama yako." Alifia njiani kwenda hospitali, juu ya baiskeli, kichwa chake kikiwa kimeegemea mgongo wa baba.

Mchana polisi walikuja, na Bwana Nyama pamoja nao. Wakamwaga ule mfuko wa ngozi kwenye mkeka, wakauliza nani alihesabu. Nilikuwa nyuma ya ghala. Nilitaka kusema, naapa nilitaka. Baba akajibu kabla sijajitokeza.

"Nilihesabu mwenyewe. Mvua ilikuwa kubwa, mtoto alikuwa ndani."

Nikadhani msiba umemvuruga akili, amesahau. Na mimi, Mungu anisamehe, nikashukuru kwamba amesahau. Wakahesabu zilizokuwa kwenye mkeka pamoja na ganda la asubuhi ile, walilolitoa kwenye Pampu, wakaandika kwamba ni ajali, wakaondoka na Pampu. Baba hakuifuata tena.

Mama alikuwa amekaa chini akisikiliza. Hakupiga kelele. Alimwambia baba, "Wewe ndiye uliyeweka mwiko, na wewe ndiye umemuua kaka yangu." Tangu siku hiyo hakumwita tena Baba Kabula. Alirudi kwao mwaka mzima. Alipokuja tena, alituambia sisi watoto kwamba amekuja kwa ajili yetu. Alimwandalia baba chakula, akakiweka, akampa mgongo. Hivyo ndivyo walivyozeeka. Baba alilima pamba yake, hakulalamika, na kila nilipompa shikamoo alinijibu marahaba mama yangu kwa upole uleule wa siku zote. Mimi nikawa mwalimu. Watoto wa shule walinicheka kwamba mwalimu Kabula anawahesabu mara tatu hata wakienda chooni.

Baba alipofariki, tulipomaliza matanga, mama akanipa kikopo cha tumbaku alichokikuta chini ya godoro lake. "Takataka za baba yako," alisema. Nikafungua. Ndani mlikuwa na ganda moja la risasi, lenye tundu la msumari karibu na mdomo, na kipande cha uzi mwekundu kimekwama tunduni.

Baba hakuwa amesahau kitu. Asubuhi ile, kabla polisi hawajafika, mjomba akiwa bado hajapoa, alikuwa ameufungua mfuko na kuliona ganda langu. Akaliondoa. Na ukiliondoa langu, ukaweka mahali pake lile la risasi iliyomuua mjomba, hesabu inatimia tano. Alinisahihishia, kisha akakaa na chuki ya mkewe miaka yote ile, ili isinifikie mimi.

"Ni kitu gani?" mama akaniuliza.

Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto wanne. Ningeweza kusema. Nikasema, "Ganda tu, mama."

"Hata hilo alishindwa kulitupa," akasema, akaendelea kukunja nguo za marehemu.

Mama aliishi miaka sita zaidi. Alipoona siku zake zimekaribia aliniita, akaniomba nisimzike karibu na baba, nimzike karibu na kaka yake Maganga. Nikaitikia kwa kichwa. Nikafanya alivyotaka. Nikienda kufyeka makaburi sasa, nafyeka la baba kwanza, peke yake pale chini ya mteremko, halafu nachukua panga langu napanda kwa wale wawili.

Kule benki, yule kijana alinikusanyia vitu vyangu vyote: miwani, leso, rozari. Mwisho akainuka na kitu kidogo cha shaba kiganjani, akakigeuzageuza, akaniangalia kwa mshangao.

"Bibi, na hili ni lako?"

Watu walikuwa wanatutazama, na mlinzi naye. "Ni langu," nikamwambia. Mdomo wangu haukuwahi kusema hivyo kwa mtu yeyote, na waliopaswa kunisikia nilishawazika wote.