Rafiki Yangu wa Tabora

Mwaka ule niliohama chuo nilikaa nyumbani, Katubuka mjini Kigoma, wiki tano nikisubiri barua ya uhamisho, na kwa wiki zote tano sikuogopa mitihani wala ugumu wa kozi mpya. Niliogopa chakula cha mchana. Nilijiona nimesimama na sahani ya wali maharage katikati ya kantini nisiyoijua, natafuta kiti kitupu penye watu wasionuna. Ningeingia mwaka wa pili, wakati wenzangu wameshajuana mwaka mzima, wameshapeana majina ya utani, wameshagombana na kupatana. Mimi ni nani wa kwenda kuvuta kiti pale?

Halafu kuna ile kauli ya wahadhiri: "Jigaweni makundi ya watu watano." Anayeisema hajui anachomfanyia mtu. Katika chuo changu cha kwanza, upande wa Morogoro, nikiisikia nilikuwa nainama kujifanya natafuta kalamu kwenye begi, natafuta mpaka mhadhiri mwenyewe anipachike kwenye kundi lililopungukiwa. Kwenye fomu ya uhamisho niliandika kwamba nahama kwa sababu ya kozi. Ilikuwa kweli, lakini nusu tu.

Nusu nyingine ilianzia kwenye ndoo. Mama yangu anauza dagaa. Huwanunua kwa wavuvi pale Kibirizi asubuhi na kuwaanika kwenye vichanja vya waya, si mchangani, na ukimwambia dagaa wake wana mchanga umemtukania ukoo mzima. Mtoto wa mtu kama huyo haondoki nyumbani mikono mitupu. Niliondoka na ndoo nyeupe yenye mfuniko, imejaa dagaa waliokaangwa kwa mawese, pamoja na agizo moja.

"Ukifika, wape wenzio kwanza. Usile kabla hujawapa."

Nikafanya hivyohivyo. Siku ya kwanza, tukiwa wanne chumbani, nilifungua mfuniko nikawakaribisha. Mmoja alikwenda kufungua dirisha. Mwingine akapuliza marashi mara mbili, akasema jamani samahani. Hakuna aliyenitukana, na leo nikifikiria naona wangezoea ndani ya wiki moja kama ningecheka nao. Sikucheka. Mimi nikikasirika hunyamaza, na nikishanyamaza sijui pa kuanzia tena. Nilifunga ndoo, nikaisukuma chini ya kitanda, na mwaka mzima nikawa mtu wa mambo, poa, basi.

Jumapili mama akapiga simu.

"Wenzio wamewapenda dagaa?"

"Sana."

"Nani hasa?"

Hapo ndipo rafiki yangu alipozaliwa. Nilisema kuna mmoja anayelala kitanda cha juu yangu, kwao Tabora, amewapenda kuliko hata mimi. Tabora ilinijia haraka kwa kuwa treni yetu hupita pale. Angetoka Mbeya ningeshindwa kumsimulia.

Rafiki yangu akakua. Aliogopa panya, aliimba kwaya, mama yake alisumbuliwa na miguu. Mimi nikipata alama nzuri, na yeye alipata. Siku nilizojifungia chooni nikalia, nilimwambia mama kwamba mwenzangu leo kashinda analia, sijui ana nini. Ilikuwa rahisi kusema hivyo. Mama alianza kumuulizia yeye kabla ya kuniulizia mimi, na kila likizo ilipokwisha ndoo ilijazwa upya, "ya mwenzio," nami nikawa nawala dagaa wale peke yangu mchana, wenzangu wakiwa darasani, dirisha wazi, natafuna harakaharaka kama nimeiba.

Sasa, kwetu chombo kilichokwenda na kitu hakirudi kitupu. Ndoo ile ingerudi nyumbani bila kitu, mama angejiuliza mtoto huyo wa Tabora kalelewa na nani. Kwa hiyo kila nilipokuwa narudi likizo, treni ikisimama Tabora nilitoa kichwa dirishani na kununua asali kwa wauzaji wa stesheni, chupa mbili, nikazitia ndani ya ndoo.

"Imetoka kwao," nilimwambia mama.

Mama alionja kwa ncha ya kidole. "Ahsante yangu imfikie," alisema, akaipandisha kabatini.

Siku barua ya uhamisho ilipokuja tulikuwa uani tunachambua dagaa, ungo katikati yetu. Nilimsomea. Nilikuwa nimepata chuo cha Dodoma na ningeondoka wiki ile ile. Mama alifurahi, akapiga makofi mawili, kisha akatulia.

"Na mwenzio unamwacha na nani?"

"Atazoea."

"Atazoea! Mtu umekaa naye mwaka mzima, unamhama bila kumuaga? Hebu nipe namba yake. Nataka nimshukuru mwenyewe kwa kukaa na mwanangu."

Alijifuta mikono kwenye kanga, akachukua simu, kidole gumba kikawa tayari juu ya kioo. Nilimwambia mwenzangu kabadilisha namba. Akasema nimpe ile ya zamani, atajaribu. Nilisema simu yake iliibwa. Akasema basi nimpe ya mama yake, yule mgonjwa wa miguu, amsalimie. Niliangalia dagaa kwenye ungo, wote wameelekeza macho juu. Ningeweza kuendelea kusema uongo, nilikuwa nimeshaujulia. Ila niliwaza kwamba Dodoma nako kutakuwa na Jumapili, na mama atapiga, na itanibidi nianze kumzaa mwingine.

"Mama, hayupo."

"Kaenda wapi?"

"Hajawahi kuwepo."

Mama aliweka simu chini. Alirudi kwenye ungo, akatoa kijiti, akatoa gamba, akakitupa kila kimoja pembeni.

"Asali ile ilikuwa ya stesheni," alisema. "Ina maji ya sukari. Nimepanda treni ile na magunia ya dagaa kabla hujazaliwa, asali yao naijua. Watu wa Tabora asali ile wanaiuza. Hawawezi kumpelekea mtu waliyempenda."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu chupa ya kwanza."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na nyuma ya aibu ikaja hasira. Kumbe mwaka mzima nimehangaika na machupa dirishani, na mtu kajua!

"Kwa nini uliniacha nikudanganye?"

"Ningekwambia, ungeacha kunisimulia. Mimi nipo huku, wewe upo huko, ningejulia wapi hali yako? Ukisema mwenzio ana furaha, nilijua una furaha. Ukisema mwenzio kashinda analia, nilijua aliyelia ni nani."

Kuku wa jirani alikuja kwenye ungo, mama akamfukuza bila kumtazama.

"Sasa mbona leo umeniomba namba?"

"Kwa sababu unahama," alisema. "Sikutaka uhame naye."

Nililia pale pale uani mchana kweupe. Mama si mtu wa kukumbatiana. Alisogeza ungo kando machozi yasilowanishe dagaa, akaniacha nimalize. Baadaye alinipa kazi ya kuwasha jiko, tukakaanga.

Siku ya safari alinisindikiza mpaka stesheni ya Kigoma na ndoo ileile mkononi, mfuniko umefungwa kwa kamba. Nilimuuliza hii ni ya nani.

"Mimi sijui. Ukimpata wa kumpa, mpe. Ukimkosa, kula mwenyewe. Lakini uniambie umekula mwenyewe."

Treni iliposimama Tabora, wauzaji walikuja kuinua chupa za asali hadi dirishani pangu. Niliwapungia mkono tu. Nilikuwa bado naogopa kantini, naogopa makundi ya watu watano, naogopa kuvuta kiti. Nilichokuwa nimepunguziwa ni kazi ya kumlisha mtu wa pili.

Dodoma tulikuwa wanne chumbani vilevile. Nilifungua ndoo nikasema mapema, kabla mtu hajafika dirishani, kwamba jamani hawa wananuka na mimi najua, anayetaka aje. Wawili walicheka wakakataa. Wa tatu alichukua mmoja kwa kucha mbili, akatafuna, akakimbilia kwenye pipa la taka. Nilicheka kidogo, kwa kujilazimisha. Kisha nikakaa kitandani nikala, mlango wazi, watu wakipita kwenye korido.

Jumapili mama akapiga.

"Wenzio wamewapenda dagaa?"

Jina la mtu wa kubuni lilinifika mdomoni, nikalimeza.

"Mmoja kaonja akatema. Nimekula mwenyewe, mama."

Nilisikia mtu anapita na redio kule Katubuka.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Na umelia?"

"Juzi," nilimwambia. "Mimi mwenyewe."