Fungu la Mvuke

Hapa Mlingotini, ukialikwa kwenye shughuli, ujue wali kapika Bi Mwanvita. Ndivyo ilivyokuwa tangu mama yangu hajaolewa. Lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mchele ulipoanza kuonekana tena, vifundo vya mikono vilimvimba na mwiko mkubwa ukamshinda. Akamwambia Ashura, binti wa kaka yake, apike yeye harusi ya mtoto wa Bi Sada.

Bi Sada akaruka. "Huyo! Leteni vikombe basi, tukanywe wali!" Watu wakacheka. "Akiharibu, shughuli zangu zote nawapa wapishi wa Kaole."

Hakumsingizia. Ashura alijua kuwa vibaba vinne vya mchele hutaka kata kumi za tui. Kwenye hitima ya jirani alipika vibaba vinane, akatia kata ishirini. Ukawa mashendea matupu, majimaji.

Bi Mwanvita hakumgombeza. Alimkalisha jikoni na sufuria ile ile ya siku zote, aliyopikia hitima, akamwambia apike vibaba sita, tui aongeze kidogo kidogo huku akihesabu. Wali uliiva vizuri kwa kata kumi na nne.

"Kutoka vinne umeongeza vibaba vingapi?"

"Viwili, shangazi."

"Na tui?"

"Kata nne."

"Kila kibaba kinakunywa ngapi?"

"Mbili."

"Haya. Vibaba vinne vinakunywa nane. Wewe huwa unatia kumi. Hizo mbili anakunywa nani?"

Ashura akaitazama sufuria, akatazama juu. "Zinakwenda na mvuke."

"Eeh. Mchele uwe mwingi, uwe mchache, mvuke wa sufuria hiyo hauongezeki wala haupungui. Wewe ulipozidisha mchele, ukazidisha na mvuke. Sasa vinane?"

"Kumi na sita za mchele, mbili za mvuke. Kumi na nane."

"Umeona, mwanangu."

Siku ya harusi ikaja sufuria ya kuazima kutoka mjini Bagamoyo, mdomo wake mpana kama ungo. Vibaba thelathini vilikuwa vinangoja. Ashura akaizunguka.

"Hii siijui inavyopumua," akasema. "Kwanza niwapikie humu wanaokuna nazi."

"Unanimalizia mchele!" Bi Sada akafoka.

"Si mtakula, bibi?"

Akapika vibaba kumi. Viliiva kwa kata thelathini. Mimi nilikuwa kwenye mbuzi nakuna nazi, nikamwona midomo inacheza: ishirini za mchele, kumi za mvuke.

Chakula kile kilipoisha, wakaosha sufuria, wakaiteleka tena. Ashura akahesabu kata sabini, akaiweka kata chini.

"Sabini?" Bi Sada akashika kiuno. "Asubuhi vibaba kumi kwa thelathini. Hivi ni thelathini, tia tisini! Au unataka wageni watafune mchele mbichi?"

Wanawake wote wakamgeukia Bi Mwanvita. Yeye alikuwa anamenya vitunguu, akaendelea kumenya.

Bi Sada akaiokota kata aongeze tui. Ashura akatia mchele, akafunika sufuria kabla mkono wa Bi Sada haujafika. Wali ulipokaukia, akapalia makaa juu ya kifuniko, akasimama hapo hapo jasho likimtiririka.

Alipofunua, Bi Sada ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchota. Akaumimina wali kwenye kiganja, ukamwagika punje punje. Akatafuna. Akachota tena.

"Mwezi wa Mfungo Tano nina hitima ya marehemu mume wangu," akasema. "Nije kwa nani?"

Bi Mwanvita alikuwa ameshajaza wali mdomoni. Akamwonyesha Ashura kwa kidevu.