Kitufe cha Kuaplai

Nianze na lile la aibu kabisa, nikishalisema nitapumua: nilimsingizia binti wa watu kwamba ameua kompyuta, na muuaji nilikuwa mimi. Nikapewa nafasi ya kusema ukweli, nikacheka. Nikapewa tena, nikacheka tena. Ningekuwa nimenyamaza ingekuwa afadhali, maana mtu akinyamaza unaweza kusema labda aliogopa. Mimi nilicheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana, na ya nyuma yenyewe yalikuwa yameshaoza.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha. Nilikuwa fundi redio hapo Mpanda mjini, kwenye baraza moja na rafiki yangu, fundi saa. Yeye meza yake, mimi yangu. Kibao changu niliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: FUNDI LADIO. Sisi watoto wa wafugaji tuliokuja na ng'ombe kutoka kaskazini, herufi moja ilitushinda, na mimi ndiyo nikaiweka barabarani kila mtu aione. Shule niliishia kidato cha pili. Mtihani ulikuja ukanikuta, tukatazamana, mmoja wetu akaondoka.

Basi Haji mmoja mwenye duka la vitambaa, anakaa mtaa wa Kawajense, akaletewa na ndugu yake wa Dar kompyuta iliyotumika, pamoja na printa yake. Ikawekwa sebuleni kama bibi harusi, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake maua ya plastiki. Ilikuwa nzito kufikiri, sijawahi kuona. Ukiiwasha, Haji anakwenda kushika udhu, anaswali adhuhuri na sunna zake zote, akirudi bado inajivuta.

Akaniita mimi. Kwa nini mimi? Kwa sababu nilikuwa nimetangaza baraza zima kwamba kompyuta nazijua. Nilichokuwa nakijua ni kwamba niliwahi kusaidia kuishusha moja kwenye lori. Nilijua uzito wake.

Nilipofika, Jumamosi saa nne asubuhi, nilimkuta binti amekaa mbele ya ile mashine. Alikuwa mtoto wa dada yake Hajati, mke wa Haji, ametoka Inyonga, kamaliza kidato cha nne. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda kwenye kibodi bila yeye kutazama. Mimi mpaka leo natazama, na bado nakosea.

Haji akanieleza hali ilivyo, mbele yake huyo binti, kama vile hayupo.

"Fundi, Jumatatu baba yake anakuja kumchukua. Kule kwao kuna mzee mmoja wa tumbaku ana wake wawili, kaleta barua ya posa. Sasa huyu kaniomba abaki hapa, awe anachapa barua za watu dukani kwangu. Nikamwambia, sawa, nitolee barua moja kwenye hilo dude, ina jina la duka langu, imenyooka. Nikiishika mkononi, nitamwambia baba yako una kazi huku. Nisipoishika, unakwenda."

"Barua nimeshaandika, baba mdogo," binti akasema. "Haitoki tu."

Akanionyesha. Kila kitu kwenye kioo kilikuwa kikubwa mno, maandishi kama ya kwenye bango la sinema. Kile kisanduku cha kutolea barua kikifunguka humo kwenye kioo, sehemu ya chini inakatika, na vitufe vya kubonyeza viko huko huko chini. Yaani vipo, lakini viko nje ya kioo.

"Nimepata pa kupunguzia," akasema taratibu. "Ni hapa. Unasogeza hiki, halafu unabonyeza hapa. Sema nikibonyeza haijibu. Nafikiri inataka kusubiriwa, kaka. Unaona hako kachupa ka mchanga? Kakitokea maana yake inafanya kazi."

Hapo ndipo ningesema, dada, umemaliza, tusubiri. Ningekunywa chai ya Hajati nikaondoka na heshima yangu. Lakini sebuleni walishajaa: Haji, Hajati, na majirani wawili wa kiume waliokuja kuangalia fundi anavyofanya kazi. Mtu na mafuta yake ya nywele, kaitwa fundi, akafundishwe na msichana wa Inyonga?

"Sogea dada," nikasema. "Kachupa! Hapa tunatengeneza mashine, hatupimi dawa ya kikohozi."

Wakacheka. Mimi mtu akicheka ndiyo kanimaliza, hapo naweza kuuza mpaka shati.

Nikakaa. Nikasoma lile neno kwenye kitufe. Apply. Aa! Hilo nalijua! Mpanda nzima ilikuwa inalijua hilo neno. Kila mwenye cheti alikuwa anaaplai. Unaaplai halmashauri, unaaplai misheni, unaaplai ualimu, unaaplai ulinzi. Na kila aliyewahi kuaplai anajua barua moja haijibiwi. Barua moja inakaa kwenye faili, faili linakaa kwenye kabati, ufunguo wa kabati anao mtu aliyekwenda msibani. Unachotakiwa kufanya ni kuandika tena, na tena, mpaka wakuchoke.

Nikawageukia wenyeji wangu. "Tatizo nimeliona. Huyu dada kaaplai mara moja, akakaa kungoja majibu. Wapi na wapi! Ofisi gani ya nchi hii inajibu barua ya kwanza?"

"Kweli kabisa," jirani mmoja akasema. Huyo alikuwa ameaplai kazi ya udereva miaka mitatu.

Nikasogeza ile alama mpaka mwisho, kwenye namba kubwa kuliko zote, nikaanza kuaplai. Nikaaplai. Nikaaplai. Kachupa kakatokea.

"Kaka, subiri," binti akasema. "Tayari imepokea."

"Tulia, dada."

Nikaaplai tena kwa kidole cha shahada. Halafu nikakumbuka kile kitufe kikubwa cha kibodi, nikakitwanga nacho, twa twa twa, kama mtu anagonga mlango wa mdeni. Mashine imenyamaza kimya. Binti akashika ukingo wa meza.

"Kaka, nakuomba. Dakika tano tu. Ikikataa ndiyo ubonyeze."

"Haji," nikasema, "huyu mtoto wako ana huruma na mashine. Atafaa kuwa nesi."

Sebule ikaangua kicheko. Haji mwenyewe akafuta machozi. Nami nikaendelea kutwanga.

Sasa mashine mzee ilikuwa inasikia kila kitu, tatizo ilikuwa inasikia polepole. Ikaanza kutekeleza. Kioo kikazima, kikawaka, kikatoa maandishi ya kuuliza swali, sijui swali gani, kabla sijalisoma likawa limeshajibiwa na matwango yangu ya zamani yaliyokuwa yanafika sasa hivi. Kikazima tena. Kikaleta mistari kama pundamilia anakimbia. Halafu giza. Taa ndogo ya kijani ikabaki inanikonyeza.

Nikazima mashine nikawasha. Tukangoja, safari hii nikangoja kweli. Giza. Nikazima nikawasha. Giza.

"Fundi, vipi?" Haji akauliza. Hakuwa anacheka tena.

Mtu akikuuliza hivyo mbele ya watu, mdomo unajitafutia njia wenyewe. Wangu uliipata haraka.

"Haji, kabla yangu nani alikuwa anashika hii mashine?"

"Si huyu hapa."

"Mimi, lakini ilikuwa inaonyesha," binti akasema.

"Ulikuwa unabonyeza wapi?"

"Palepale ulipobonyeza wewe, kaka."

"Ahaa!" Nikamwangalia Haji kama daktari aliyeona mdudu kwenye darubini. "Kioo kimeungua. Kilianza kuungua kwake, mimi nimekikuta mahututi."

"Mimi nilisema tusubiri!"

"Kumbe ulikuwa unajua ina shida, ukaniachia niishike? Haji, unasikia?"

Yule jirani wa udereva akadakia. "Mikono ya tumbaku hiyo. Ina utomvu, inanata. Hata kuku ukimshika anakufa."

Hicho kicheko nakisikia mpaka leo. Binti akaangalia mikono yake, juu, halafu viganja, halafu akaificha ndani ya kanga. Hajati, mama yake mdogo, naye alicheka, ila aliwahi kuacha. Haji akarudisha kitambaa cha kufuma juu ya kompyuta, akakinyoosha pembe zote nne, akaweka maua yake ya plastiki. Akasema, "Jumatatu ni karibu."

Kesho yake, Jumapili, binti akaja kwenye baraza letu. Alitembea kwa miguu kutoka Kawajense. Mimi nilikuwa na wateja, na wale wasiokuwa wateja waliokuwa wanakuja tu kunisikiliza. Fundi saa alikuwa kwenye meza yake, kioo kimebanwa jichoni, ana skrubu ndogo kama chawa kwenye kibano.

"Shikamoo kaka," binti akasema. Nilimzidi kama miaka minne tu, lakini alinisalimia hivyo.

"Marahaba. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Nimekuja kukuomba kitu kimoja. Mwambie baba mdogo kwamba hujui. Basi. Usiseme umeharibu wewe, mimi sitaki hilo. Sema tu hujui, atatafuta mtu mwingine aiangalie. Nina hakika haijafa. Lakini ukisema imekufa, hakuna atakayeigusa, na baba anakuja kesho."

Tazama alivyonirahisishia. Alinipikia, akanitafunia, ilibaki kumeza tu. Sijui. Mtoto mchanga akijifunza kusema analisema.

Lakini wasikilizaji wangu walikuwa wamekaa wananitazama. Na mimi nilikuwa na mzaha umenijaa mdomoni.

"Dada," nikasema kwa sauti ya kuwafikia wote, "mbona unalia na kompyuta? Wewe shukuru. Hii nchi watu wanaaplai mpaka mvi. Yule mzee wako wa tumbaku kaaplai mara moja tu, kajibiwa!"

Baraza likalipuka. Mmoja alianguka kwenye benchi, kweli alianguka, si masihara. Mimi mwenyewe nilicheka kwanza kabla yao, kuwaonyesha njia.

Binti hakulia. Alingoja kicheko kiishe, kama anangoja mvua ipite, halafu akasema, "Haya kaka. Asante," akaondoka. Aliposema asante hakuwa ananikejeli, ndivyo alivyolelewa. Fundi saa hakuwa amecheka. Skrubu yake ilikuwa bado kwenye kibano, haijasogea.

Jumatatu baba mtu akaja. Jumanne asubuhi wakapanda basi la Inyonga. Niliwaona, maana basi linapita mbele yetu. Binti alikaa dirishani upande wa pili, kwa hiyo nilichoona ni kisogo. Nilijiambia afadhali.

Kama wiki tatu baadaye, akapita karani mmoja kutoka Tabora, mtu mfupi mpole, amekuja kwa shughuli zake za ofisi. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kwenye kompyuta. Haji akamkaribisha chakula, akamwonyesha maiti. Mimi nikaitwa ili nieleze historia ya ugonjwa.

Karani akawasha. Mwanzoni kabisa, kabla giza halijaja, akabonyeza kitufe kimoja cha juu kwenye kibodi. Halafu akaegemea kiti, akamwomba Hajati chai. Akanywa kikombe kizima. Tukawa tunamwangalia anakunywa. Akaongeza sukari. Nikamwambia, "Ndugu, si ufanye kazi?" Akajibu, "Nafanya." Alikuwa hajamaliza kikombe cha pili, kioo kikawaka. Akasogeza ile alama kidogo tu, akabonyeza Apply mara moja, akatoa mikono mezani, akaiweka mapajani. Tukasubiri. Kila kitu kikakaa sawa, na vitufe vya chini vikaonekana vyote.

Barua ya binti ilikuwemo humo humo. Karani akaitoa. Ilikuwa imenyooka, jina la duka juu, tarehe kuume, hakuna kosa hata moja. Haji akaishika mkononi, akaisoma, akaisoma tena.

"Kwa hiyo haikuungua?" akauliza.

"Haikuungua, mzee. Kuna mtu aliweka namba isiyowezwa na kioo, akaibonyeza mfululizo bila kusubiri. Mashine ya hivi ukiiharakisha inakubali vitu usivyovijua."

Haji akanigeukia. "Fundi, ni nani aliibonyeza hivyo?"

Hiyo ndiyo nafasi ya pili. Sebule ile ile, kiti kile kile, na safari hii hakukuwa na jirani hata mmoja wa kunichekea.

Nikacheka. "Watoto wa kike hawa, Haji," nikasema. "Wana haraka."

Haji akaikunja barua mara nne, akaitia kwenye mfuko wa kanzu. Hajati akatoka kwenda uani, hakurudi kuniaga.

Nilitaka kusema muda ulikuwa umepita. Haukuwa umepita. Harusi walikuwa wameipanga baada ya tumbaku kutoka kwenye mabani ya kukaushia, miezi miwili mbele, na Haji kwa barua ile angeweza kumrudisha binti kesho yake. Ilikuwa inatakiwa mtu mmoja aseme maneno mawili. Sikwenda Inyonga, na kwa Haji sikurudi. Tumbaku ikakauka, harusi ikawa. Mambo ya huko nilikuja kuyasikia kwa madereva: kwamba ndiye mke mdogo, na kwamba barua zote za mzee za kwenda kwenye chama cha wakulima anaandika yeye, kwa mkono.

Lakini siku ile ile nilipotoka kwa Haji, mate yakiwa bado machungu, nilirudi barazani nikamsimulia fundi saa kila kitu, kuanzia kachupa mpaka karani na vikombe vyake viwili. Niliweka na sauti za watu, niliigiza Haji anavyokunja barua. Nilitaka acheke. Akacheka mmoja wetu tu.

Akatoa kile kioo jichoni. Jicho lilikuwa limebaki na alama ya duara.

"Treni ya Tabora unaisubiri siku mbili umelalia gunia, hata hulalamiki," akasema. "Mtoto wa watu alikuomba dakika tano. Sasa basi la Inyonga lile pale linapakia, mwenzangu. Mbona unaniambia mimi?"